Ndoo ya Warumi, Ghorofa ya Pili

Jumamosi, 15 Machi

Nimekoroga. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, kama kawaida. Ndoo iko balkoni, kwenye kona inayopigwa na jua. Ndani kuna sadini wabichi kutoka duka la Waafrika hapa mtaani kwetu Alief, Amerika, na utumbo wao, na chumvi, halafu chumvi tena. Juu nimefunga kitambaa. Inzi wanafanya mkutano wa hadhara.

Harufu imeanza. Bado changa. Mimi naisifu tu, kama baba anayemsifu mtoto mwenye sura mbaya.

Hii ni garumu. Mchuzi wa samaki wa Warumi wa kale. Unawaacha samaki na chumvi yao juani wiki kadhaa, wanalainika, wanayeyuka, yanapanda maji ya rangi ya asali. Hayo maji ndiyo mali yenyewe. Shule nzima hakuna mwingine aliyethubutu. Wenzangu wamechora mabango. Wachore.

Naandika Kiswahili ili mdogo wangu Divina asisome. Huyo ukimsemesha anaelewa kila kitu, anakujibu Kiingereza. Lakini ukimwandikia, anaona siafu tu wamepita kwenye karatasi. Safi kabisa. Hapa naweza kumsema nitakavyo. Divina anakoroma.

Jumatatu, 17 Machi

Bi. Delgado, mwalimu wa historia, aliniita baada ya kipindi. Akasema alama zangu ni za kulia. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hali ni hii, niiandike kavu. Nina miaka kumi na tisa, mimi ndiye babu wa darasa. Miaka ya shule iliyoliwa na kambi ya wakimbizi kule Tanzania hakuna wa kunirudishia. Nikifeli historia, sipati cheti cha sekondari. Bila cheti, nafasi yangu ya kusomea ufundi umeme anapewa mwingine. Mkuu wa mafundi alinijaribu mwezi wa pili, akaona mikono yangu, akasema niko sawa, kilichobaki ni cheti tu. Anasubiri mpaka Juni. Baada ya hapo hanijui. Na mimi nitaingia ghalani pamoja na wajomba, kusukuma makasha mpaka mgongo useme basi.

Mtihani wa muhula nimeshafeli. Njia imebaki moja. Maonyesho ya shule za sekondari kule Dallas, mwisho wa Aprili. Mada ni maisha ya kila siku ya mtu wa kawaida katika Roma ya kale. Siyo mfalme, siyo jemadari. Na sharti uwe na kitu ulichotengeneza kwa mikono yako, kwa njia yao. Alama ya waamuzi itawekwa mahali pa mtihani wangu. Tena siyo alama yoyote. Kwa jinsi nilivyoharibu, inatakiwa ya juu kabisa, vinginevyo jumla haifiki.

Bi. Delgado akamalizia, "Na usilete utani, Fabrisi."

Mimi? Utani?

Alhamisi, 27 Machi

Meneja wa jengo alipanda ngazi ameziba pua. Anamtafuta panya aliyekufa. Nikamsaidia kutafuta. Tukaangalia nyuma ya mashine za kufulia, chini ya ngazi, mpaka kwenye dari. Panya hakuonekana. Nikamwambia pole sana, bwana, panya wa siku hizi wajanja. Akanishukuru kwa moyo mkunjufu, akaenda zake.

Bi. Hoa wa ghorofa ya chini hakudanganyika. Mama mtu mzima, Mvietnamu. Alisimama chini ya balkoni yetu, akanusa, akafumba macho kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao. Halafu akaniinulia kidole gumba. Kwao wanatengeneza kitu ndugu na hiki. Basi jengo zima linalalamika isipokuwa yeye.

Mama hasemi kitu. Anasafisha vyumba hotelini, akirudi pua imejaa dawa za vyoo, hasikii harufu ya dunia. Bibi angesema, lakini Bibi yuko Fort Worth kwa shangazi mpaka Pasaka. Bahati yangu.

Jumapili, 6 Aprili

Misa ya Kiswahili. Baadaye chai na mandazi ukumbini. Na Makena.

Makena ni Mkenya wa Missouri City. Mama yake nesi, shangazi zake manesi, na yeye mwenyewe anatembea kama ameshakabidhiwa wodi. Shule yao nayo inakwenda Dallas. Amejenga nyumba ya ghorofa ya Kirumi, imesimama inamfika kiunoni, na kila dirisha lina taa ndogo ya udongo aliyoifinyanga mwenyewe. Taa za mafuta. Zinawaka kweli. Alinionyesha kwenye simu. Ni nzuri. Sikumwambia.

"Na wewe buda, umetengeneza nini?"

"Garumu."

"Ati nini?"

"Samaki waliooza kwa heshima."

Alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Wewe msee utatufukuzisha wote kwa hiyo hall. Si ubebe hata perfume!"

"Wewe beba leso, dada nesi. Ya machozi."

Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu anajua. Lakini kwenye gari, njia nzima kurudi, nilikuwa nafikiria zile taa. Mwamuzi akiona taa inawaka anafurahi. Mwamuzi akiona ndoo ya samaki anafanya nini? Nimeogopa. Kidogo tu. Kama punje ya ulezi.

Jumatano, 9 Aprili

Bi. Delgado kanipa kitabu kinene. Nasoma na kidole chini ya mstari. Nyumbani hakuna wa kunicheka, na anayecheka ataambiwa habari za kukoroma.

Hawa Warumi wa kawaida nimewapenda. Walipanga maghorofani kama sisi. Tajiri alikaa chini, maskini alipandishwa juu kabisa, kwenye paa linalovuja na ngazi zinazolia. Mwenye nyumba haonekani mpaka siku ya kodi. Mikokoteni inapita usiku kucha chini ya dirisha, hakuna kulala. Vyoo vya mji havina ukuta wa kutenganisha, watu wamekaa mstari mmoja wanapiga soga. Na mafundi wa kufua nguo walifulia mkojo. Hiyo nilimsomea Divina. Akasema "Eww!" kisha akakimbia kuwasimulia watoto wa jengo zima.

Vyumba vingi havikuwa na jiko. Mtu akishikwa na njaa anashuka barabarani, kwenye kibanda cha chakula. Kaunta ya mawe, mitungi imezamishwa ndani yake, unapimiwa uji mzito, dengu, mboga. Unakula umesimama. Na ukutani watu wameandika majigambo. Nani kapigwa, nani anampenda nani, nani alikuwa hapa. Watu wangu hawa! Ningezaliwa kule ningemaliza ukuta.

Sasa ndoo. Maji yamepanda. Asali kabisa. Nilichota kijiko nikaonja. Kwanza chumvi, halafu kitu kingine, kirefu, kinakaa ulimini kama mgeni asiyeaga. Nikapiga kelele ya ushindi hapo hapo balkoni. Bi. Hoa akaitikia kutoka chini.

Makena ajiandae.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimekwisha.

Bibi aliwasili jana jioni. Leo sisi vijana wa parokia tulibeba msalaba kwenye Njia ya Msalaba, jua kali, na mimi nilibeba kipande kirefu kuliko wote, kila mtu aliona. Nikarudi nyumbani najiona mtakatifu.

Balkoni, ndoo imeoshwa. Kwa sabuni. Imepinduliwa ikauke. Pembeni kuna sinia kubwa, na juu yake mabaki ya samaki wangu yametandazwa kama mchele wa kuchambua, yamefunikwa pazia la zamani. Bibi amekaa kwenye kiti anapepea inzi. Ana furaha.

"Mume wangu, samaki mmewalaza majini! Nani kawafundisha? Chumvi yote ile, halafu wanaoga? Nimeokoa nilichoweza."

"Na maji, Bibi? Yale maji yako wapi?"

"Maji gani? Nimemwaga kule kwenye nyasi, kwa magari."

Bibi aliuza ndagala, yaani dagaa, kule Rumonge, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kabla ya vita kututoa. Kwao samaki anatandazwa juani akauke. Maji ni uchafu. Anayewaacha samaki majini ni mvivu au ni mgonjwa. Halafu leo ni siku ya mfungo, nyama hakuna, anafungua kitambaa anakuta samaki wa mjukuu wake wanaharibika. Alitakiwa afanye nini? Mwanamke yeyote wa ziwani angefanya vile vile.

Nilishuka mpaka kwenye nyasi. Zimelowa. Paka wawili wanalamba. Hiyo ndiyo garumu yangu. Hicho ndicho cheti changu, na umeme wangu, vinalambwa na paka. Nikasimama pale kama mlingoti.

Bibi sikumwambia. Ameokoa samaki, amefurahi, mwache.

Nimelia bafuni, bomba nimelifungua lote. Mtu akiniuliza nitakataa.

Jumamosi, 19 Aprili

Imebaki wiki. Garumu haipatikani kwa wiki.

Bi. Hoa aliwaona wale paka, akaelewa kila kitu. Akapanda na chupa. Mchuzi wa samaki wa kwao, wa dukani. Akanionyesha ndoo, akanionyesha chupa, akaweka kidole mdomoni. Rangi ile ile. Harufu ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna mtu Dallas ambaye angejua.

Niliishika chupa muda mrefu. Kisha nikamrudishia, nikamshukuru kwa mikono miwili.

Siyo utakatifu. Ni kwamba nimeshajigamba kwa watu wengi mno kwamba nimetengeneza mwenyewe. Nikishinda kwa chupa ya dukani, Makena nitamcheka kwa uso gani?

Bora nisiende.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kristo kafufuka. Mimi bado.

Bibi aliyatwanga yale mabaki aliyoyaokoa, mifupa na yote, yakawa kitu kama matope ya kahawia. Akayapika na lengalenga, mchicha wetu. Watu walilamba sahani. Hata Divina, asiyekula kitu chochote kilichowahi kuwa na macho, aliongeza. Mimi nilikula kwa hasira. Nikaongeza kwa hasira. Nikakwangua sufuria kwa hasira.

Kesho hakuna shule. Keshokutwa namwambia Bi. Delgado najitoa.

Jumanne, 22 Aprili

Lazima niandike!

Nilikwenda kumwambia najitoa. Alikuwa kwenye kikao. Nikamsubiri darasani, sina la kufanya, nikafungua kile kitabu, ule ukurasa wa garumu. Nilikuwa nimesoma nusu tu. Ndiyo kawaida yangu, nikiona nimeelewa naacha. Leo nikashuka na kidole mpaka nusu ya pili.

Inasema hivi. Garumu safi, ile ya rangi ya asali, ilikuwa ya matajiri. Ilithaminiwa kama manukato. Mtu wa kawaida hakuiona. Yeye alipata kilichobaki chini ya mtungi maji yakishachujwa. Machicha ya samaki, mazito, na mifupa yake. Yaliitwa aleki. Alipaka kwenye uji wake, alitia kwenye mboga zake, akashukuru.

Nikasoma tena. Nikasoma kwa sauti.

Mada ni nini? Mtu wa kawaida! Mimi nilikuwa napeleka Dallas mchuzi wa tajiri! Ningesimama pale na asali yangu mkononi, mwamuzi aniulize nani alikula hii, nimjibu nini? Bibi amemwaga cha tajiri na kubakiza cha mtu wa kawaida. Na ametutwangia. Na tumekula siku ya Pasaka na mboga, sawasawa na walivyokula wao.

Bi. Delgado aliingia akanikuta nimesimama juu ya kiti.

"Shuka, Fabrisi."

"Mwalimu, bibi yangu ni Mrumi!"

Nilipomweleza, alikaa chini akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akauliza swali moja tu. Yamebaki kiasi gani?

Mungu wangu. Pasaka tumekula kama nzige. Nilikimbia. Sikungoja basi la shule. Nikaingia jikoni nahema. Bibi ameshika bakuli, kitunguu kiko ubaoni tayari. Nikamnyang'anya bakuli mkononi. Mjukuu kumnyang'anya bibi chakula, nilidhani nitapigwa mwiko. Nikampigia magoti nikamweleza yote, garumu, cheti, umeme, paka.

Kisha akasema, "Kwa hiyo nilimwaga mali ya tajiri."

"Ndiyo, Bibi."

"Vizuri."

Yamebaki nusu bakuli. Yanatosha. Yatatosheshwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Vita jikoni.

Kila ninachokataza kinamchoma Bibi. Nyanya hapana, Roma haikuwepo. Pilipili hapana. Unga wa mahindi hapana. Maharage yetu hapana. Vyote hivyo asili yake ni upande huu wa bahari, Mrumi wa kale hakuwahi kuviota.

"Sasa maskini walikuwa wanakula nini?" Aliwahurumia kweli, machoni ilionekana.

Vitunguu ndiyo. Kabichi ndiyo, dengu ndiyo. Na lengalenga! Kitabu kinasema walikuwa na mboga ya ukoo huo huo, mboga ya mtu wa chini, na waandishi wa kitajiri waliicheka eti haina ladha. Nilipomwambia Bibi, aliudhika kama katukanwa yeye. "Matajiri hawajui kupika."

Ngano ya kale Mama aliipata duka la vyakula la kule kwa wenye pesa. Tukaitwanga. Warumi waliipika uji mzito, ndiyo ilikuwa chakula chao kabla mkate haujazoeleka. Bibi akaisonga. Ikakataa, ikamwagika kama maji. Akavua kitenge cha kichwani, akajifunga kiunoni, akaishika sufuria kwa miguu, akasonga. Ikanyooka. Ugali wa rangi ya udongo, unameremeta.

Akanionjesha na ile aleki. Nilimeza, nikamega tena.

Akatangaza kwamba anakuja Dallas. Chakula chake hakisafiri peke yake.

Jumamosi, 26 Aprili, Dallas

NIMESHINDA. Nimeanza na hilo ili nikifa katikati ya sentensi lijulikane. Sasa taratibu.

Tuliondoka alfajiri. Mama aliomba ruhusa kazini, akaendesha. Bibi mbele, sufuria mapajani, alikataa isikae nyuma na mizigo. Barabara ya Dallas imenyooka mpaka inachosha, ng'ombe, malori, mabango ya makanisa. Gari linanuka soko la samaki. Divina alitoa kichwa dirishani kama mbwa, safari nzima.

Ukumbi mkubwa. Meza mpaka macho yanachoka. Na juu ya meza? Mapanga ya bati. Kofia za vita. Viwanja vya mapigano vya karatasi. Mtu wa kawaida wamemsahau hata leo, siku yake! Makena tu ndiye aliyemkumbuka. Ghorofa lake linawaka, watu wamelizunguka, na yeye anaeleza kwa ile sauti ya wodini.

Nikapanga vyangu. Kaunta nimeijenga mwenyewe kwa mbao na plasta, mitungi miwili imezama ndani. Nyuma ni ukuta wa boksi, na ukutani majigambo kwa makaa. FABRISI ALIKUWA HAPA, WENGINE WALIPITA TU. NGUO YAKO INANUKA FUNDI. Bibi akakaa nyuma ya kaunta na kitenge chake bila kuambiwa na mtu, akaweka mikono kwenye mfuniko. Ungesema amerithi kibanda hicho.

Tulipofunua, meza mbili za jirani zilisogea. Makena alikuja ameziba pua kwa vidole.

"Aki Fabrisi. Hii ni kesi."

"Zoea, dada nesi. Ndiyo harufu ya namba moja."

Maneno tu. Nilifuta kaunta mara tatu.

Waamuzi watatu. Mkubwa wao mzee mrefu, profesa, uso kama ukuta usioandikwa. Akaangalia karatasi yake.

"Hapa uliandikisha garumu. Iko wapi?"

Nilikuwa na hotuba, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Yote ikaruka. Ukabaki ukweli.

"Bibi yangu aliimwaga."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Basi nikaendelea, sina pengine pa kukimbilia. Nikamwambia habari za ndoo na jua. Nikamwambia Bibi ni wa ziwani, na ziwani samaki ndiye mali na maji ni takataka. Nikamwambia habari za paka. Kisha nikafunua mtungi. Nikamwambia, mheshimiwa, mmetuomba mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida hakupata ile asali. Alipata haya. Bibi hajasoma kitabu chochote cha Roma, hakukusudia, alikosea kabisa. Lakini alikosea kama mtu wa kawaida, akaokoa kile kile walichookoa wao, akakipika na mboga ile ile.

Halafu akaanza kunitega.

Kuna nyanya humu? Hakuna. Pilipili? Hakuna, bwana, pilipili wakati huo ilikuwa huku Amerika inawasubiri. Kwa nini uji, kwa nini siyo mkate? Kwa sababu uji unahitaji sufuria na moto mdogo tu, mkate unataka tanuri, na huyu mtu wangu anakaa juu kabisa, hana hata jiko. Kila swali napiga, linarudi. Nilikuwa naruka kama kipa.

Akachukua kijiko cha plastiki. Bibi akamkamata mkono. Profesa! Mkono!

"Mwambie anawe ale kwa vidole. Kijiko cha nini?"

Mama alifumba macho. Nikatafsiri, nikatia na heshima kidogo juu. Nikaongeza kwamba Warumi nao walikula kwa vidole. Mzee akamtazama Bibi. Bibi hakuachia.

Mzee akakunja mikono ya shati. Bibi akamnawisha, maji ya jagi, beseni chini, kama anavyonawishwa mgeni yeyote nyumbani kwetu. Akamega. Akachovya. Akatafuna polepole. Nikahesabu makosa yangu yote ya maisha. Akamega tena. Akawaambia wenzake, "Naweni."

Hapo ndipo ulipoanza msafara. Wale wa meza zilizosogea walirudi wa kwanza. Walimu, wazazi, watoto wenye mapanga ya bati. Bibi anapima kwa mwiko, anamkemea anayetumia mkono wa kushoto, kwa Kiswahili, na wanamwelewa. Sufuria ikaisha. Divina alikuwa anapiga kelele za muuza duka, kwa Kiswahili! Mtoto wetu kumbe anacho, alikificha.

Makena alikuja mwisho, akakuta ukoko. Akala.

"Ni sawa," akasema. Akakwangua. "Sawa, ni tamu. Nenda huko."

Walisoma matokeo. Wa pili, Makena. Wa kwanza, jina fulani lililosomwa vibaya sana, lakini lilikuwa langu. Nikapanda jukwaani, Bibi nimemshika mkono. Alipewa kipaza sauti kwa bahati mbaya, akamshukuru Mungu kwa Kirundi, kirefu, na ukumbi mzima ukapiga makofi bila kuelewa neno. Mama akapiga vigelegele. Ukumbi ule haukuwa umewahi kusikia kitu kama kile, watu waligeuka kutafuta ndege.

Bi. Delgado alinionyesha karatasi ya waamuzi. Alama ya juu kabisa. Nimeiona kwa macho yangu. Nimeigusa.

Makena alinipa mkono kwenye maegesho. "Usiringe sana."

"Mpaka Krismasi tu."

Jumapili, 27 Aprili

Parokia nzima inajua. Nimehakikisha mwenyewe. Padre alipofika kwenye matangazo, nilisimama kabla hajamaliza kutaja jina.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu asubuhi. Alief yote imejaa madimbwi.

Mkuu wa mafundi umeme alipiga simu saa za mchana. Shule imeshamthibitishia kwamba cheti nitapata. Akasema nafasi ni yangu, nianze wiki inayofuata mahafali, nije na buti ngumu. Maneno machache. Nikajibu ndiyo, bwana. Sikutania. Yeye alishakata simu, mimi bado nimeishika sikioni.

Mama nilimwambia alipokuwa anavaa kwenda kazini. Alikaa kitandani na kiatu kimoja. Akanishika kichwa, kama alivyokuwa akifanya nikiwa na homa. Kisha akavaa cha pili akaenda.

Bibi amelala kwenye kiti, rozari imemponyoka mapajani. Divina anachora. Nyumba imetulia.

Bi. Delgado kaniambia kile kitabu nibaki nacho. Leo nimesoma habari za makaburi yao. Mtu wa kawaida akifa, watu wake wakiweza kujibana, walimchongea jiwe dogo. Maandishi mengi yalikuwa mafupi. Jina, na kazi. Mwokaji. Mfua nguo. Muuza samaki. Jiwe limesimama hivyo mpaka leo.

Nimeandika langu hapa kwa kalamu, nione linavyokaa.

Fabrisi. Fundi umeme.

Linakaa.